Kipande cha Pili cha Doti

Cedar Hill, 9 Juni 2019

Wifi yangu Aikande,

Habari za Houston na joto lake. Mimi sijambo. Mguu ule unaouma bado unauma, lakini mwingine ni mzima, kwa hiyo natembea. Mzee Sospeter wa kanisani anakusalimu na anauliza kama bado unashona. Nimemwambia unashona. Binti yake amejifungua mtoto wa kiume, wamempa majina manne. Mimi bado nachemsha chai ya watu wawili, kisha naimaliza peke yangu ili isimwagwe.

Nakuandikia barua kwa sababu ukipokea simu unaweka spika ili mikono ibaki kwenye cherehani, na kwako huko mtaa wa Gulfton sebule ndiyo chumba cha mgeni. Nikikohoa huku, Queen anasikia huko. Haya ninayotaka kusema yanamhusu yeye.

Asante kwa kumpokea. Aliondoka Jumamosi, siku moja baada ya kumaliza sekondari, akiwa na mabegi mawili na mto wake. Nikamwambia kwa shangazi yako mito ipo. Akasema, "I know, Mom." Nilimpeleka mwenyewe kituo cha basi Dallas. Njia nzima tuliongea habari za foleni, na foleni haikuwepo.

Wifi, desturi yetu unaijua. Mama hamuulizi binti yake mambo ya moyoni, hiyo ni kazi ya shangazi. Mimi shangazi yangu aliniita jikoni akaniuliza maswali matatu kuhusu kaka yako Elirehema, ndipo mama yangu akapata kujua kwamba kuna mtu anaitwa Elirehema. Sasa nakuomba umuulize Queen habari ya yule Whitney, binti wa Kamau wa Arlington, waliyekuwa wanaimba naye kwaya. Umuulize ni rafiki wa namna gani. Ukishajua uniandikie.

Pia umkumbushe kwamba Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba ni ibada ya kumbukumbu ya baba yake, mwaka mmoja. Nilipomtajia kwenye gari alitazama dirishani mpaka tukafika.

Jambo dogo la mwisho. Nilipotandua kitanda chake nilikuta chini ya godoro DVD ya maktaba, imeazimwa kwa kadi yangu. Ni filamu ya Finland. Kwenye kasha kuna wasichana wawili na theluji nyingi. Nitaitazama kabla sijairudisha, labda inaeleza kitu.

Wifi yako,
Dorothea

Houston, 30 Juni 2019

Wifi Dorothea,

Barua yako imefika. Mwenye duka la hapa jirani, anayetupokelea barua, alinikabidhi akidhani ni ya serikali, maana hajawahi kuona mtu akiandikiwa barua na mtu. Pole na mguu. Mimi mzima, ila macho yanaanza kuniomba miwani na mimi najifanya sisikii.

Queen hajambo. Amepata kazi kwenye duka la mikate na Agosti ataanza chuo. Anaamka mapema kuliko mimi. Anakunja matandiko yake kama askari, halafu anaacha vijiko kila mahali. Jumamosi iliyopita tulipika ndizi na nyama, tukala sisi watatu, zikaisha kabisa. Nilisikitika, maana nilipanga kubeba kazini.

Swali lako nimemuuliza. Nilizima cherehani kabisa, nikaketi naye, kama desturi inavyotaka. Alijibu. Hakulia wala hakuficha uso. Lakini alisema, "Shangazi, hili nataka kumwambia mama mwenyewe, siku akiniuliza mwenyewe." Kwa hiyo jibu ninalo, ila si langu kulipeleka. Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini kwa barua, ili nisome nikiwa nimekaa.

Kuhusu tarehe 19 Oktoba, nilimtajia. Akaenda kuosha vyombo. Vilikuwa visafi.

Hiyo filamu ukiitazama usinisimulie mwisho.

Wako,
Aikande

Cedar Hill, 14 Julai 2019

Wifi Aikande,

Salamu za joto la huku. Mti wa mbele ya nyumba umekauka upande mmoja. Elirehema angesema tuupe muda, kwa hiyo nimeupa muda. Mke wa Sospeter alipita kuniona, akakaa saa tatu, akaniuliza Queen yuko wapi mara nne. Nikamwambia yuko kwa shangazi yake anasoma. Akasema, "Mbona hata Dallas vyuo vipo?" Nikamkaribisha chai tena.

Sikukasirikii. Nilikasirika siku mbili, halafu nikakumbuka kwamba hata shangazi yangu mimi hakumwambia mama yangu yote.

Lakini umeandika "sisi watatu". Ninavyojua, kwako mko wawili. Huyo wa tatu ni nani?

Filamu nimeianza. Inaongea Kifini, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini kwa haraka, kwa hiyo nasimamisha nasoma, nasimamisha nasoma. Saa moja ya filamu mimi inanichukua jioni nne. Wasichana ni wawili. Mmoja baba yake anaendesha gari la kusukuma theluji. Mwingine anauza tiketi za kivuko, na kivuko chenyewe hakiendi kwa sababu ziwa limeganda, lakini anakwenda kazini kila siku. Watu wa kule hawaongei. Baba anaingia, anasema neno moja, anatoka kupasua kuni. Siku ya Jumamosi ukoo mzima, bibi, mama na binti, wanaingia kwenye kibanda cha mvuke wakiwa uchi, wanakaa bega kwa bega, na hakuna anayeona haya. Wakishavaa nguo ndipo wanaanza kuoneana aibu. Hata kuulizana "umeshindaje" wanashindwa.

Kwenye dakika ya arobaini na moja wale wasichana walifanya jambo. Nikazima, nikaenda kupiga deki jikoni. Kisha nikapiga deki tena.

Yule mama wa maktaba ameniongezea muda mara ya pili. Aliniuliza kama ni nzuri. Nikamwambia sijaimaliza.

Nijibu lile swali la mtu wa tatu.

Dorothea

Houston, 25 Agosti 2019

Wifi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Shule zinafunguliwa, na kila mzazi wa Gulfton ana suruali ya kupunguza. Nimepunguza suruali mpaka nikiona mguu wa mtu naona sentimita. Shikamoo yako kutoka kwa Queen hii hapa. Amesema niiandike, nimeiandika. Ameanza chuo na anapenda somo la hesabu, sijui amemrithi nani. Mvua ilinyesha wiki nzima, maji yakaingia mpaka ngazi ya pili, kisha yakatoka yenyewe.

Sasa la ibada. Nimeongea naye vizuri. Anasema atakuja kwenye kumbukumbu ya baba yake kama Whitney atakaa naye benchi moja. La sivyo ataomba akiwa huku huku Houston, na Mungu atasikia. Nikamwambia, "Mtoto wewe, unampangia mama yako benchi?" Akasema, "Shangazi, yeye ndiye aliyeanza kupanga mabenchi."

Mimi siku ya mazishi nilikuwa nyuma na mama wa jikoni, tunagawa pilau kwenye sahani, sikuona kilichotokea mbele. Nilipoingia nilimkuta Queen amesimama wakati wenzake wamekaa, nikadhani ni uchungu. Lakini kuna kitu nimekiona hapa kwangu. Queen anajifunika kipande kimoja cha kanga yake ya msiba, ile ya zambarau. Doti ni vipande viwili. Nilikata mimi mwenyewe zile doti, nikazipinda mimi mwenyewe, kila mwanamke wa familia alipata viwili, kimoja kiunoni na kimoja mabegani. Nikamuuliza kingine kiko wapi. Akasema, "Muulize mama."

Basi nakuuliza.

Aikande

Cedar Hill, 8 Septemba 2019

Wifi Aikande,

Natumaini maji hayajarudi. Mguu ni ule ule. Mti umetoa majani mapya upande uliokauka, machache, kama sita.

Umeniuliza, nitakujibu, ingawa wewe langu hukulijibu.

Siku ile Queen aliingia kanisani akiwa na kipande kimoja tu, cha kiunoni. Kingine kilikuwa mabegani mwa Whitney. Alikuwa amempa. Wakaja kukaa benchi la mbele, yule binti kati ya Queen na mimi, amevaa sare ya familia, ameshika mkono wa mwanangu kwa mikono yake miwili. Watu wakaanza kuangalia. Mke wa Sospeter alivaa miwani kabisa. Mimi jeneza liko mbele yangu, sikuweza kufikiri mambo mawili kwa pamoja. Nikasimama nikamvua ile kanga. Nikasema, "Hii ni ya wafiwa. Wewe kakae na wageni." Hakubisha. Alisema, "Pole sana, Mama Queen," akaenda kukaa karibu na mlango. Queen akasimama, na hakukaa tena mpaka tukatoka kwenda makaburini.

Hicho ndicho kilichotokea. Nilikikunja nikakiweka kwenye mkoba. Kiko kwenye droo yangu ya soksi.

Kwa ajili ya kumbukumbu nimeagiza kanga mpya kutoka Moshi. Zimefika na Celestine, yule nesi Mkenya wa Arlington, aliyepitia Tanzania akitoka likizo. Nakutumia doti tatu uzikate na uzipinde. Yangu, yako na ya Queen. Tatu, wifi. Nimeandika kwa maneno ili usije ukakosea.

Filamu sijaendelea nayo. Ila niliirudisha nyuma kidogo, nikaona tena mama wa yule msichana wa kivuko. Anawakuta wale wasichana barabarani kwenye baridi, anasimamisha gari, wanapanda nyuma wote wawili, analiendesha mpaka nyumbani. Hasemi neno. Anawaona kwenye kioo na hasemi neno! Nilimkasirikia yule mama. Nikamwambia kwenye televisheni, "Sema kitu, wewe." Hakusema.

Dorothea

Houston, 22 Septemba 2019

Wifi yangu Dorothea,

Kanga zimefika, ni nzuri, rangi haichuji. Nimeshazikata. Queen ana mafua kidogo, nampa tangawizi. Mimi nimenunua miwani. Sasa naona vumbi lote la nyumba hii, ningejua nisingenunua.

Swali lako la mtu wa tatu. Ni Whitney. Ana-drive kutoka Arlington kila Jumamosi ya pili, mwendo wa saa nne kuja na saa nne kurudi. Anafika adhuhuri na anaondoka kabla ya jua kuzama kwa sababu mama yake amemwambia hivyo. Anaosha vyombo bila kuambiwa. Mara ya kwanza alisimama mlangoni, hakuingia, akaniuliza, "Shangazi, nikae wapi?" Sikuelewa kwa nini mtu aulize hivyo kwenye nyumba yenye viti vitatu. Niliposoma barua yako ndipo nikaelewa.

Sasa nina jambo nililolishika tangu mwaka jana. Nilikuwa nimeahidi, na niliyemwahidi amekufa, nikawa sijui ahadi inaisha lini. Nimeamua imeisha leo.

Unakumbuka Jumamosi moja ya Machi mwaka jana, kaka yangu alitoka na wale wasichana wawili akakuambia wanakwenda Fort Worth kununua matairi? Hawakwenda kununua matairi. Kulikuwa na jumba linaonyesha filamu za nchi za mbali, na wasichana walikuwa wanaitaka hiyo filamu yako ya Finland. Aliwapeleka yeye. Alinipigia simu kesho yake. Alisema, "Dada, nimekaa safu mbili nyuma yao. Walishikana mikono tangu mwanzo mpaka mwisho. Nimekula bisi zote za watu watatu, sikujua mikono yangu niiweke wapi."

Nikamuuliza, "Sasa utafanyaje?" Akasema, "Nimeshafanya. Nimewanunulia aiskrimu."

Nikamwambia amweleze Dorothea. Akasema, "Nitamweleza mimi mwenyewe, nikipata siku nzuri. Akisikia kwa watu ataumia. Akisikia kwangu atanikasirikia mimi, na mtoto atapona. Wewe usimwambie." Alikuwa akisubiri siku nzuri. Oktoba moyo wake ukasimama, na unajua yaliyofuata.

Nimekaa na hili mwaka mzima nikishona. Nisamehe. Sikukuambia kwa sababu nilidhani namtii. Kumbe alitaka ujue, ila alitaka hasira yako impate yeye.

Doti tatu zitakuwa tayari wiki ijayo.

Aikande

Cedar Hill, 6 Oktoba 2019

Wifi yangu Aikande,

Natumaini Queen amepona mafua na miwani umeizoea. Mguu umepungua kuuma. Mti una majani kumi na moja.

Nimekumbuka siku ya matairi. Walirudi saa kumi na mbili jioni. Nikamuuliza, "Baba Queen, matairi yako wapi?" Akasema, "Saizi haikuwepo." Fort Worth nzima. Nikamwambia aende Arlington. Akasema ataenda. Alikuwa na punje ya bisi kwenye kola ya shati. Niliitoa kwa vidole nikaitupa, sikumuuliza imetoka wapi. Wiki ile alikuwa ananiita kila nikipita, "Dorothea, njoo ukae," nami nasema nina vyombo. Nadhani hizo ndizo zilikuwa siku nzuri. Gari bado lina matairi yale yale.

Nilimkasirikia siku tatu, kama alivyopanga. Nimemaliza. Ni kweli mimi hasira yangu haivuki siku tatu, angeweza kuniamini.

Jana nilimaliza filamu. Nilipita ile dakika ya arobaini na moja, nikapita na nyingine zilizofuata. Uliniambia nisikusimulie mwisho, kwa hiyo sisemi. Ila yule mama wa kwenye gari hakusema neno mpaka majina ya watu yakaanza kupanda. Nilikaa nikasubiri, labda atasema katikati ya majina. Hakusema. Halafu nikafikiri kwamba mimi siku ile kanisani nilisema maneno manane tu. Ningekuwa Mfini nisingesema hata moja, na mwanangu angekaa chini akamlilia baba yake kama wenzake.

Leo baada ya ibada nilimkuta mama Whitney kwenye maegesho ya kanisa. Nikamwambia, "Tarehe 19 naomba Whitney aje akae na sisi." Akasema, "Mbele?" Nikasema, "Mbele." Mke wa Sospeter alikuwa anafungua gari lake hapo karibu. Alifungua muda mrefu sana, nadhani ufunguo ulikuwa unasumbua.

Kisha nilimpigia simu Queen, asubuhi ile ile, nikiwa bado kwenye gari. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza mwenyewe, kama alivyotaka. Alipopokea nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula. Nikamuuliza amekula nini. Akasema mkate. Nikasema, "Queen, Whitney ni nani kwako?" Akasema kwa Kiswahili, hakuchanganya hata neno moja, "Mama, ninampenda." Nikamwambia, "Haya." Nikamwambia avae sweta. Sijui kwa nini nilisema sweta, Houston hakuna baridi. Alicheka, halafu akalia, na mimi hivyo hivyo, mpaka mlinzi wa kanisa akaja kugonga kioo akitaka kufunga geti.

Maktaba nimerudisha DVD kwenye lile tundu la ukutani leo alfajiri kabla hawajafungua... hapana, nakudanganya, sijarudisha. Nimeiongezea muda tena. Nataka kuitazama na wao wakija, nione mikono yangu nitaiweka wapi.

Sasa sikiliza. Ndani ya bahasha hii kuna doti ya nne. Ikate, uipinde, umpe Whitney vipande vyote viwili, asiwe mtu wa kugawiwa. Na kile kipande cha zambarau nilichomvua nimekiweka hapa pia. Nimekifua kwa mkono, sikukipiga pasi, nilishindwa. Hicho mpe mkononi akija kwako Jumamosi, kabla ya ibada, umwambie ni kile kile. Mwambie nakumbuka alivyosema "Pole sana, Mama Queen" wakati mimi namnyang'anya, na kwamba sikumjibu. Namjibu sasa: asante, mwanangu, nimepoa.

Benchi la mbele linakaa watu watano. Tutakuwa wanne. Nafasi iliyobaki ni ya mwenye matairi.

Mkiwa njiani mkisimama kula, mnikumbuke.

Wifi yako,
Dorothea